Jengo la Jirani na Mtaro wa Mtaa: Nani Huidhinisha, na Useme Lini

Mtaani kwetu mambo huanza na mabati. Unarudi kutoka sala ya alfajiri, unakuta nyumba ya mawe iliyokuwa na baraza la kukalia imekuwa kifusi, kiwanja kimezungushwa mabati, na lori la kokoto limeziba njia. Siku ya tatu mtu anauliza, "Hawa wamepewa ruhusa na nani?" Siku ya kumi watu wameshakwenda kwa chifu. Chifu anasema si kazi yake, na anasema kweli. Kufikia mwezi wa tatu zege la ghorofa ya pili limeshamwagwa, dirisha la bibi wa nyumba ya pili linatazama ukuta, na mtaa umebaki kunung'unika barazani.

Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo. Ukuta wa nyumba yetu ya urithi ulipata ufa wa kupitisha kidole baada ya jirani kuchimba msingi wa nguzo karibu mno. Nilizunguka ofisi tatu, na ya tatu nikaambiwa siku za kupinga zimekwisha zamani. Tangazo lilikuwapo. Lilibandikwa upande wa ndani wa mabati.

Makala haya ni ya mtu ambaye bado ana siku mkononi. Ni njia ambayo ramani hupita kabla jengo halijasimama, na njia ambayo mradi wa barabara au mtaro hupita kabla mkandarasi hajaonekana, pamoja na mahali ambapo mwananchi ana haki ya kutia neno.

Ruhusa ya kaunti

Tangu Katiba ya 2010, kupanga miji na kusimamia ujenzi ni kazi ya serikali ya kaunti. Imeandikwa katika Jedwali la Nne, sehemu ya pili. Sheria inayoongoza kazi hiyo kila siku ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, sheria nambari 13 ya mwaka huo. Inasema mtu haruhusiwi kufanya maendeleo yoyote ya ardhi ndani ya kaunti bila ruhusa ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango ya ardhi. Anayejenga bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Neno "maendeleo" katika sheria hiyo ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Si kuinua ghorofa tu. Kubadilisha matumizi ya jengo nako kumo. Nyumba ya familia ikigeuzwa nyumba ya wageni, au sebule ya chini ikawa bohari ya saruji, mwenyewe anapaswa kuomba ruhusa hata kama hakuongeza tofali moja. Hapa Pwani malalamiko mengi ya mitaa ya zamani yanatokana na mabadiliko ya namna hii, na wengi hawajui kwamba yana mlango wa kulalamikia.

Ombi likishapokelewa, waziri wa kaunti ana siku 7 za kutuma nakala kwa idara na mashirika yanayohusika: afya, barabara, maji, mazingira, upimaji na mengineyo. Hao nao wana siku 14 za kutoa maoni yao. Mwombaji anapaswa kupata jibu, likiwa la kukubaliwa, kukubaliwa kwa masharti, au kukataliwa pamoja na sababu.

Sasa shika hili, maana ndipo watu wanapoumia. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Kimya cha ofisi ni idhini. Nia ilikuwa njema, kumkinga mjenzi na karani anayekalia faili ili apewe chochote. Lakini upande wa pili, faili lililofunikwa na mafaili mengine kwa miezi miwili linaweza kuzaa ghorofa ambalo hakuna mtaalamu aliyelitazama. Kwa hiyo jirani asijitulize kwa kuambiwa "bado halijapitishwa, liko mezani." Uliza liliingia mezani tarehe gani.

Tangazo na pingamizi

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwombaji autangazie umma mradi anaokusudia, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi zao kwa waziri wa kaunti. Huwa ni ubao au karatasi kwenye kiwanja, na mara nyingi tangazo la gazeti. Siku za kupinga huandikwa humo, na kwa kawaida ni 14.

Siku 14 ni chache. Ijumaa mbili tu. Ndiyo maana mtaa unaotaka kujilinda lazima uwe na watu wawili watatu wa kusoma matangazo, kama vile kila msikiti ulivyo na mtu wa kujua nani amefiwa. Piga picha tangazo siku ile ile, pamoja na mahali lilipobandikwa. Kama limewekwa pasipoonekana, picha hiyo itakuwa hoja yako baadaye.

Pingamizi ni barua. Haihitaji wakili wala Kiingereza cha mahakamani. Taja nambari ya kiwanja au mahali kilipo, jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo, wewe ni nani na unakaa wapi, halafu sema madhara. Na hapa niseme wazi, kwa kuwa nimesoma barua nyingi za mitaa: "tunapinga vikali" si hoja. Hoja ni kwamba shimo la maji machafu limechorwa karibu na kisima ambacho nyumba kadhaa hutumia. Hoja ni kwamba njia ni nyembamba na gari la zimamoto halitapita, au kwamba msingi utachimbwa kando ya ukuta wa matumbawe na chokaa usio na nguzo. Kuta hizo za wazee wetu husimama kwa uzito wake na kwa kuegemeana. Ukichimba pembeni bila kuzikinga, zinasogea. Mhandisi anajua hivyo, lakini kama mchoro ulioletwa ofisini hauonyeshi nyumba ya jirani, atajuaje?

Peleka nakala mbili. Moja waachie, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, na tarehe isomeke. Barua isiyo na muhuri ni kama deni lisilo na shahidi.

Uamuzi ukitoka na hukuridhika, sheria haimpi rufaa mwombaji peke yake. Inasema "mwombaji au mtu mwenye maslahi", na jirani yumo. Rufaa hupelekwa kwa kamati ya kaunti ya kusikiliza rufaa za mipango ya ardhi ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kamati nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 14. Ukishindwa huko, unakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Usiruke ngazi. Mahakama zetu zimezoea kuwarudisha watu waliokimbilia kwa jaji huku kamati ipo na hawakuigonga mlango, na kufikia hapo siku 14 za kamati zimepita. Kuna mitaa imepoteza kesi nzuri kwa sababu hii tu.

Na kama mtu anajenga bila ruhusa kabisa, au ameruhusiwa ghorofa mbili akapandisha nne, kaunti ina uwezo wa kumpa ilani ya utekelezaji inayomtaka asimamishe kazi na kurekebisha. Ombeni ilani hiyo kwa maandishi. Kupiga simu kwa askari wa kaunti huwa kunaleta gari, gari linaondoka, na mchana kazi inaendelea. Sote tumeona.

Niongeze neno kwa wanaojenga, maana nao ni sisi. Kijana amehangaika Ghuba miaka minane, anataka kumwinulia mama yake nyumba, na si kila anayempinga ana nia safi. Pingamizi nyingine ni kijicho na ugomvi wa mirathi uliovishwa kanzu ya mazingira. Kinga ya mjenzi ni karatasi yake. Jihadhari na wale wanaojiita mawakala wa ramani, wanaokuambia toa kitu kidogo nayo itapita. Mtu huyo hana ofisi utakayomfuata siku ilani itakapobandikwa mlangoni. Risiti iwe ya kaunti, na ramani iwe na muhuri na masharti yake yote.

Mji wa Kale na Lamu

Ndani ya maeneo ya hifadhi kuna kamba nyingine ya pili. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Fort Jesus tangu 2011. Mji wa Kale wa Mombasa ni eneo la hifadhi lenye masharti yake kuhusu sura ya majengo, na ofisi ya uhifadhi ya kushughulikia mambo hayo. Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inayapa Makavazi ya Kitaifa sauti katika mambo ya majengo na maeneo yaliyotangazwa kuwa urithi. Kwa hiyo anayetaka kubomoa nyumba yenye mlango wa nakshi, roshani ya mbao, daka au wikio asitosheke na ruhusa ya kawaida. Nanyi majirani mnapoandika pingamizi, nakala moja iende huko.

Tusidanganyane lakini. Hifadhi ina gharama, na inambebesha mzigo mwenye nyumba ambaye mara nyingi ni mjane au warithi kumi na wawili wasioelewana. Boriti nzuri ni ghali, fundi wa chokaa hapatikani kirahisi, na nyumba ikivuja misimu mitatu mnunuzi wa ghorofa ndiye anayeonekana mwokozi. Kaunti ikitaka madaka yabaki, imtazame pia mwenye daka. Kumwandikia masharti tu hakutoshi.

Ufukweni jambo ni jingine. Ardhi yote iliyo kati ya maji makuu na maji madogo ni ardhi ya umma, kwa Kifungu cha 62 cha Katiba. Anayejenga ukuta hadi mahali bamvua linapofika hajengi kwake. Wavuvi wanaofungiwa njia ya kushukia bandarini waandike kwa kaunti na pia kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, inayosimamia ardhi ya umma.

Leseni ya NEMA

Miradi mikubwa, na hata mingi ya wastani, inahitaji pia leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Hiyo ni karatasi nyingine. Leseni ya NEMA haichukui nafasi ya ruhusa ya kaunti, wala ruhusa ya kaunti haichukui nafasi yake. Mkiona mwenye mradi anapunga moja tu, ulizeni ya pili iko wapi. Zaidi ya hizo, mkandarasi mwenyewe anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Mradi ukiwa mkubwa wa kuhitaji uchunguzi kamili wa athari za mazingira, matangazo hutolewa katika Gazeti rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa eneo hilo kwa wiki mbili mfululizo. Kanuni za 2003 zilitaka pia mikutano isiyopungua mitatu na wanaoathirika, na matangazo ya redio. Anayepinga leseni hukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60.

Mfano bora tunao hapa hapa Pwani. Septemba 2016 NEMA ilitoa leseni kwa kampuni ya Amu Power kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, Lamu. Watu wa Lamu, wakiongozwa na muungano wa Save Lamu, wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo likaifuta leseni hiyo. Wengi hukumbuka kesi ile kama vita vya makaa na hewa safi, na kweli mabadiliko ya hali ya hewa yalikuwamo katika hukumu. Lakini moyo wake ulikuwa ni kushirikisha umma. Mikutano ilikuwapo, ndiyo, ila ilifanyika kabla ya uchunguzi kukamilika. Ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Baada ya ripoti kutoka, wakati ambapo watu sasa wangeweza kujua ni madhara gani na yatazuiwa vipi, hawakupewa nafasi ya haki ya kuijadili. Kuulizwa kabla hujajua unachoulizwa si kuulizwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya bandari ya Lamu na mradi wa LAPSSET. Ilisema haki ya watu kupata habari na kushirikishwa ilivunjwa, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76. Kesi ilikuwa imefunguliwa 2012. Gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Hesabu hiyo ya miaka isomwe vizuri na kila mtaa unaodhani mahakama itawahi kufika kabla ya tingatinga.

Barabara, mitaro na taa

Kazi za umma zina mlango tofauti. Swali la kwanza ni barabara hiyo ni ya nani. Barabara kuu kama ya Mombasa kwenda Nairobi au ya kwenda Lunga Lunga ziko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Baadhi ya barabara za mijini ni za KURA, na baadhi ya mashambani ni za KeRRA. Zile za mtaani, taa za barabarani na mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni za kaunti. Watu humlaani gavana kwa shimo la KeNHA, na humlaani mbunge kwa mtaro wa kaunti, na wote wawili hufurahia mkanganyiko huo.

Swali la pili ni lini pesa zilipangwa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Lakini mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka huo hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Karatasi ya mikakati ya fedha hufuata kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Juu ya yote uko mpango jumuishi wa miaka mitano. Kwa hiyo mtaa unaotaka mtaro wake usafishwe na kujengwa upya lazima useme Julai na Agosti, karibu mwaka mzima kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Sisi huenda kusema Aprili mvua za masika zikishaingia sebuleni. Wakati huo makadirio yanafungwa, na jibu tunalopewa, kwamba mradi haumo katika mpango, kwa bahati mbaya huwa ni la kweli.

Vikao vya kushirikisha umma mnavijua. Hema, viti vya plastiki, soda, na karatasi ya mahudhurio inayopitishwa kabla mtu hajasema neno. Saini ile huja kusomwa baadaye kama "wakazi walihudhuria na kuunga mkono." Mimi siku hizi nikisaini naandika kando ya jina langu, "nimewasilisha maoni kwa maandishi," kisha naiwasilisha barua kweli. Mkikosa kusikilizwa na watendaji, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mkazi haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lolote lililo chini ya kaunti.

Kazi ikishaanza, tafuta ubao wa mradi: jina la mwajiri, mkandarasi, muda. Kama haupo, au upo na huuamini, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, afisa akalazimika kumwandikia. Kupeleka ombi hakuna ada, ila unaweza kulipia gharama ya nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na habari inayogusa uhai au uhuru wa mtu ina saa 48. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ile inayoitwa ofisi ya mtetezi wa umma.

Omba vitu vinavyohesabika: mkataba, orodha ya vipimo na bei, na hati ya kukabidhi kazi. Orodha ya vipimo ndiyo inayosema mtaro ulitakiwa uwe na kina gani na mifuniko mingapi. Ukiwa nayo na futi ya kupimia, mkiwa watu watatu, mnaweza kuukagua mtaro mzima jioni moja. Fanyeni hivyo mapema. Kwa desturi ya mikataba ya ujenzi sehemu ya malipo huzuiwa hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, na wakati pesa hiyo bado imezuiwa ndipo mkandarasi hurudi akiitwa.